Meli ilipong'oa nanga, Mama Mkubwa alibaki gatini

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, foleni ndani ya jengo la abiria la bandari ya Galveston, Texas, ilikuwa imeshapiga kona tatu. Watoto walikuwa na kofia za jua vichwani, vijana walipigana picha, na magurudumu ya masanduku yalikwaruza sakafu bila kupumzika. Nje ya kioo meli ilisimama nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa, kama mtaa mzima uliosogezwa majini.

Tulikuwa watu tisa wa vizazi vitatu. Safari ilikuwa ya siku tano: Cozumel, kisha Progreso, zote za Mexico, halafu kurudi Galveston. Dada yangu alikuwa amelipa nauli kidogo kidogo kwa mwaka mzima ili mama yake atimize miaka 70 akiwa baharini. Mama huyo kwangu ni Mama Mkubwa, mzaliwa wa Pangani, binti wa nahodha wa jahazi. Bahari aliijua kabla hajajua kusoma.

Zamu yetu ilipofika kaunta, alitoa kadi yake ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo kila mtu anaiita grini kadi. Huitunza ndani ya kipochi cha plastiki, na kipochi ndani ya pochi, na pochi huifunga kwa pindo la khanga. Kijana wa kaunta aliipokea, akaitazama pande zote mbili, kisha akaomba pasipoti. Mama Mkubwa akampa pasipoti yake ya Tanzania. Kijana akafungua ukurasa wa picha, akaweka kidole chini ya mstari wa tarehe, akatulia. Kisha akamwita msimamizi wake. Muda wa pasipoti ulikuwa umekwisha miezi mitatu nyuma.

"Lakini si nina grini kadi?" Mama Mkubwa alimuuliza binti yake. "Mwaka wa kumi na tisa huu naishi hapa. Hebu waambie, mwanangu."

Dada aliwaambia. Msimamizi hakuwa mkali, na upole wake ndio uliotukatisha tamaa, maana mtu mkali unaweza kubishana naye. Masharti ya kampuni yalitaka mkaazi asiye raia awe na kadi pamoja na pasipoti iliyo hai ya nchi yake. Moja bila ya nyingine haikutosha, na abiria anayekataliwa kwa sababu ya hati harudishiwi nauli. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye mkataba ambao dada aliukubali kwa kubonyeza kitufe.

Aliyekata shauri alikuwa Mama Mkubwa mwenyewe. "Nendeni. Watoto wasikose bahari kwa ajili ya karatasi yangu." Mimi nikabaki naye. Alasiri tuliketi mahali ambapo meli hupita zikielekea maji makuu. Honi ilipolia, alisimama akapunga khanga, akaendelea kuipunga hata meli ilipokuwa ndogo kiasi kwamba hakuna mtu ndani yake angeweza kutuona.

Tangu siku hiyo nimekaa na masharti haya, nikayasoma neno kwa neno, nikaketi na Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Houston walioyapitia. Nimeyaandika hapa kwa sababu msiba ule mdogo ungeweza kuzuilika kwa dakika mbili za kuangalia tarehe, na kwa sababu naamini kuna Mama Mkubwa mwingine ambaye tiketi yake imeshalipiwa nusu.

Kadi inafungua mlango mmoja

Namba rasmi ya grini kadi ni I-551. Inamwambia ofisa wa Marekani kwamba aliyeishika ana haki ya kuishi na kufanya kazi nchini humo, na kwamba akitoka kwa safari fupi anaweza kurudi. Sheria inamtaka kila mkaazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea awe nayo wakati wote. Mkaazi anaporudi, maofisa wa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, hudai kadi hiyo. Sheria ya Marekani haimlazimishi kuonyesha pasipoti ili aingie.

Hapo ndipo ulipozaliwa usemi unaozunguka misikitini, makanisani na kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kwamba grini kadi inatosha. Usemi huo ni kweli kwa safari ya kurudi, lakini mtu haanzi safari kwa kurudi. Kabla ya kurudi ataingia Mexico, au Bahamas, au Jamaika, na kila nchi kati ya hizo ina mlango wake na mlinzi wake. Mlinzi huyo anataka kujua wewe ni raia wa wapi, na nchi gani itakupokea ukikwama. Swali hilo kadi ya Marekani hailijibu, kwa kuwa imekutaja kama mkaazi wa Marekani, haikukutaja kama raia wake. Pasipoti ndiyo inayolijibu.

Kuna chanzo cha pili cha upotofu huu, nacho ni majirani zetu walio raia. Tangu tarehe 1 Juni 2009, kanuni mpya za hati kwa wanaoingia Marekani kwa bahari na nchi kavu zilipoanza kutumika, raia wa Marekani waliachiwa nafasi: meli ikianzia na kuishia katika bandari ileile ya Marekani, raia anaweza kusafiri kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali chenye picha. Jirani aliyekwenda Cozumel mara tatu kwa cheti cha kuzaliwa atakuapia kwamba pasipoti haina haja, na hasemi uongo. Ila anakueleza habari za uraia wake, wewe unazisikiliza kana kwamba ni habari za meli.

Siku ile kaunta ilitufundisha jambo hilo waziwazi. Wajukuu waliozaliwa Houston walipita kwa vyeti vya kuzaliwa. Shemeji yangu, aliyeapishwa uraia miaka michache iliyopita, alipita kwa pasipoti ya Marekani. Mimi, mkaazi kama Mama Mkubwa, nilikuwa na kadi na pasipoti hai. Familia moja, kaunta moja, na hati za aina tatu. Anayepanga safari ya jamaa zake asiulize tu meli inataka nini. Amhesabu kila mtu peke yake, aanze na swali la uraia wake.

Kwa nini kaunta ni kali kuliko mpaka

Wengi huuliza: kama Marekani yenyewe itanipokea kwa kadi tu, mwenye meli anahangaika na nini? Anahangaika kwa sababu sheria imemfanya kuwa mlinzi wa kwanza. Kampuni inayomleta Marekani mgeni asiye na hati zinazotakiwa hutozwa faini ya maelfu ya dola kwa kila mtu. Nchi zinazotembelewa nazo zinaweza kuikataza meli kushusha abiria, au kuitwisha gharama za kumrudisha mtu. Majina, uraia na namba za hati za abiria hupelekwa kwa mamlaka kabla meli haijang'oa nanga. Kwa hiyo kampuni nyingi hujiwekea sharti moja linaloenea bandari zote za safari, na sharti hilo huwa zito kuliko la nchi yoyote moja.

Kwa hiyo neno la mwisho, asubuhi ile ya safari, linatoka kaunta. Kujua sheria ya serikali ni vizuri, lakini lazima usome pia ukurasa wa hati wa kampuni uliyolipa, ile sehemu ya wakaazi wasio raia. Kama hali yako si ya kawaida, uliza kwa barua pepe na uchapishe jibu. Jibu la simu haliwezi kuonyeshwa kwa msimamizi wa foleni.

Kuna sababu nyingine ya kibinadamu. Baharini watu huugua, huvunjika mguu, hufiwa, huchelewa sokoni meli ikaondoka. Aliyepanda meli akitarajia kurudi kwa meli anaweza kujikuta anarudi kwa ndege, pengine kwa kupitia nchi ya tatu. Uwanja wa ndege haujui habari za safari inayoishia ilikoanzia. Utaombwa pasipoti.

Bandari kwa bandari

Safari zinazopendwa zaidi na watu wetu wa Texas ni za Mexico, na hapo kuna nafuu. Mexico haimdai viza mkaazi wa kudumu wa Marekani anayekwenda kutembea, hata kama pasipoti yake ni ya nchi ambayo raia wake kwa kawaida huombwa viza, na anaweza kuruhusiwa hadi siku 180. Sharti ni kadi iliyo hai pamoja na pasipoti iliyo hai. Mama Mkubwa alikuwa na nusu ya sharti hilo.

Kwa visiwa vya Karibi, kila kimoja kina utaratibu wake, na vingi huwalegezea abiria wa meli wanaoshuka kwa saa chache. Lakini ulegevu huo huwa wa viza tu. Pasipoti bado inatakiwa, na mara nyingi iwe na muda wa miezi sita mbele baada ya siku ya kurudi. Pasipoti inayokwisha Agosti inaweza kukataliwa mwezi Aprili ingawa haijafa. Hapo wengi hujikwaa, kwa sababu mtu huangalia kama tarehe imepita, asihesabu imebakiza miezi mingapi.

Kisha kuna Alaska, ambako mtego umefichika. Mtu wa Houston au Minneapolis husikia Alaska, jimbo la Marekani, akaona meli inaondoka Seattle na kurudi Seattle, akajiambia kwamba hatoki nje ya nchi. Atatoka. Sheria ya mwaka 1886 inazuia meli za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani pasipo kugusa nchi nyingine, na karibu meli zote kubwa za kitalii zimesajiliwa nje: Bahamas, Panama, Malta, Bermuda. Ndiyo maana safari za Alaska kutoka Seattle huweka kituo Kanada, aghalabu katika mji wa Victoria, wakati mwingine kwa saa chache za jioni tu. Mwaka 2021, Kanada ilipofunga bandari zake kwa sababu ya UVIKO-19, ilibidi Bunge la Marekani lipitishe sheria ya muda ili meli ziweze kwenda Alaska bila kupitia huko. Kwa saa hizo chache za Victoria, mkaazi wa kudumu anatakiwa awe na pasipoti hai ya nchi yake na uthibitisho wa ukaazi. Kanada imeshikilia sharti hilo tangu tarehe 26 Aprili 2022. Viza haombwi.

Ulaya ni habari nyingine kabisa. Mtanzania, Mkenya au Mkongo mwenye grini kadi bado anahitaji viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ili apande meli Barcelona au Civitavecchia, bandari ya Roma. Kadi ya Marekani haimpunguzii viza hiyo. Na asiombe viza yoyote tu. Meli ikitoka Barcelona ikaenda Tunis, kisha ikaingia Palermo, abiria ametoka katika eneo la Schengen na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi Tunis. Viza inayofaa ni ya kuingia mara nyingi, na ombi lake hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Uingereza, ambayo haimo Schengen, ina viza yake. Uturuki ina utaratibu wake. Chukua ratiba ya meli, andika bandari zote kwa mfuatano, na mbele ya kila bandari andika hati inayotakiwa. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Pasipoti ya nyumbani

Wakenya wana njia ambayo Watanzania hatuna. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu uraia pacha, na Uganda iliuruhusu mwaka 2009. Mkenya aliyetimiza miaka mitano ya ukaazi, au mitatu akiwa ameolewa au kuoa raia na wanaishi pamoja, anaweza kuomba uraia wa Marekani, akapata pasipoti ya pili, na shida zote hizi zikamwisha bila kupoteza pasipoti ya kwanza. Kwa Mtanzania mtu mzima, kuchukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari ni kuupoteza wa Tanzania. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu.

Ndiyo maana Watanzania wengi hubaki na grini kadi miaka 20 na zaidi. Mama Mkubwa ana shamba la minazi aliloachiwa na baba yake, na anajua kwamba sheria ya ardhi ya Tanzania haimpi asiye raia haki ileile ya kumiliki ardhi. Ana kaburi la mumewe huko. Mtu akimwambia "si uchukue uraia tu," hana habari anamwambia aache nini. Watu kama yeye wataendelea kuwapo, na kwao pasipoti ya nyumbani si kumbukumbu ya kuweka kabatini. Ni hati ya kazi, na yafaa ihuishwe kabla haijafa.

Kuihuisha ukiwa mbali kuna uzito wake. Ubalozi wa Tanzania uko Washington, umbali wa kama kilomita 2,000 kutoka Houston. Pasipoti ya kielektroniki inataka alama za vidole na picha, kwa hiyo kuna nauli ya ndege, siku za kuomba ruhusa kazini, na mahali pa kulala. Kwa mzee kuna pia mtu wa kumsindikiza. Balozi zetu zimefanya jema kila zilipopeleka maofisa kwenye majiji wanakoishi watu wengi, na jambo hilo lastahili kufanywa kwa ratiba inayojulikana mapema, kila mwaka. Anayehudumia watu kwenye dirisha la ubalozi ajue kwamba mtu aliye mbele yake hakuja kudai anasa.

Asiye na pasipoti ya kuhuisha

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama wa Fizi, Kivu Kusini. Watoto wake wawili walizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na Kiswahili chake kina lafudhi ya pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Nilipomsimulia yaliyompata Mama Mkubwa, aliingia chumbani akarudi na bahasha. Ndani yake kulikuwa na grini kadi sita za familia na barua za zamani za kambini, zimekunjwa hadi mikunjo ikageuka matundu. Pasipoti haikuwamo. Hajawahi kuwa nayo.

"Mimi nitaenda wapi?" aliniuliza. "Kwetu sisi tulitoka na watoto mgongoni. Nani angetupa pasipoti?"

Swali lake lina jibu tangu mwaka 1951. Mkataba wa Wakimbizi, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi ziwape wakimbizi wanaoishi kihalali kwenye ardhi yao hati ya kusafiria. Marekani ilijifunga na wajibu huo mwaka 1968 kupitia itifaki ya mwaka 1967. Hati hiyo huombwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, kwa fomu I-131. Anayestahili ni mkimbizi, aliyepewa hifadhi, au mkaazi wa kudumu aliyepata kadi kupitia njia hizo. Hudumu mwaka mmoja. Ombi linapaswa kutumwa ukiwa bado Marekani, na kwa kuwa majibu huchukua miezi, anayetaka kusafiri Desemba asisubiri Oktoba.

Wapo wanaowashauri wakimbizi waende ubalozi wa nchi waliyoikimbia wachukue pasipoti, mambo yaishe. Ushauri huo una hatari. Aliyepewa hifadhi kwa kuwa serikali yake haikumlinda, kisha akaiomba serikali hiyohiyo hati ya ulinzi wake, anaweza kuulizwa maswali mazito siku ya mbele. Azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji. Na hata akiwa na hati ya mkimbizi mkononi, aulize kampuni ya meli na ubalozi wa kila nchi iliyo kwenye ratiba, kwa sababu si kila nchi inayoipokea kama inavyopokea pasipoti. Kadi ya ukaazi itamrudisha Marekani. Hati ya mkimbizi itamtambulisha njiani. Zote mbili ziwe ndani ya mkoba mmoja.

Kwa Warundi na Wasomali, ambao nchi zao zilitajwa katika amri ya Rais Trump ya Juni 2025 ya kuzuia wageni, hofu ni kubwa zaidi. Amri ile iliwaweka kando wakaazi wa kudumu. Hata hivyo, mwenye wasiwasi asome hali ilivyo siku anayosafiri, maana amri hubadilika.

Mitego mingine njiani

Kadi yenyewe ina tarehe. Kwa wengi hudumu miaka kumi, na kwa waliopata ukaazi kwa ndoa changa, miwili. Aliyeomba kadi mpya kwa fomu I-90 hupokea barua inayorefusha muda wa kadi ya zamani kwa miezi 36, utaratibu uliopo tangu Septemba 2024. Anayeondoa masharti ya ndoa kwa fomu I-751 hupata miezi 48. Barua hizo ni halali, lakini mfanyakazi wa kaunta anaweza kuwa hajawahi kuiona hata moja. Beba barua halisi pamoja na kadi, na kampuni ikuthibitishie mapema kwamba inaipokea. Mwenye shaka anaweza kuomba muhuri wa ukaazi kwenye pasipoti yake kutoka ofisi ya USCIS.

Watoto husahaulika. Mtoto mwenye kadi akitimiza miaka 14 anatakiwa kuomba kadi mpya na kuchukuliwa alama za vidole. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na bibi, awe na barua ya idhini kutoka kwa mzazi asiyesafiri, iliyoshuhudiwa kisheria.

Majina nayo. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na wakati wa kujaza fomu za Marekani moja huruka au hupanda mahali pasipo pake. Mama aliyeolewa ana jina la mume kwenye kadi na la baba kwenye pasipoti. Tiketi iandikwe kama pasipoti ilivyoandika, na cheti cha ndoa kiwemo mkobani.

Mwenye kesi ya jinai, hata ya miaka mingi nyuma, hata iliyokwisha kwa faini, asipande meli kabla ya kuonana na wakili. Safari ya siku tano ya Cozumel ni kutoka nchini, na kurudi kwake ni kuingia upya chini ya macho ya ofisa mwenye kumbukumbu zote mbele yake. Nimewasikia wazee wa jamii wakiwaambia vijana wasiogope, ni likizo tu. Kwenye jambo hili ni bora waogope.

Kadi ikipotea safarini, toa taarifa kwa meli na polisi wa bandari, kisha nenda ubalozi wa Marekani ulio karibu ukaombe kibali cha kupanda chombo cha kurudi, kwa fomu I-131A. Picha ya kadi na ya pasipoti ndani ya simu, na nakala za karatasi ndani ya sanduku, zitakuokolea siku nzima. Na ofisa yeyote akikutaka usaini fomu I-407, ya kuachia ukaazi, usisaini kwa uchovu wala kwa kutishika. Una haki ya kusikilizwa mbele ya jaji wa uhamiaji.

Safari fupi ya meli haiharibu ukaazi wa mtu. Kinachouweka mashakani ni kukaa nje muda mrefu. Ukizidisha siku 180 maswali huanza, na ukizidisha mwaka bila kibali cha kurudia ulichoomba kabla ya kuondoka, kadi haitatosha kukurudisha.

Tezi na omo

Miezi minne baada ya siku ile ya Galveston, Mama Mkubwa na binti yake walipanda ndege kwenda Washington. Waliondoka na bahasha ya picha, nakala na risiti, wakalala kwa ndugu huko Maryland. Pasipoti mpya ilipofika, hakuifungua kwenye ukurasa wa picha. Alitafuta kwanza mstari wa tarehe, akaweka kidole chini yake kama alivyoona kijana yule akifanya, akahesabu miaka kwa sauti.

Mwaka uliofuata tulirudi bandarini. Kaunta ilimchukua dakika nne. Kule Cozumel alivua viatu, akaingia majini hadi magotini, akaonja maji kwa ncha ya kidole, akasema chumvi ni ileile. Siku ya kurudi, Galveston ikiwa bado na ukungu wa asubuhi, kamera ilimpiga picha, ofisa akaitazama kadi yake, akamwambia karibu tena nyumbani. Pasipoti hakuiomba. Mama Mkubwa alimwonyesha hata hivyo, naye akatabasamu akaipokea kwa mikono miwili.

Nje tulipokuwa tukisubiri gari nilimuuliza safari ilikuwaje. Alifunga kadi na pasipoti pamoja kwenye pindo la khanga, akakaza fundo. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," alisema, methali ya baba yake nahodha. Kisha akaniomba simu. Alimpigia mama wa Fizi kwanza, akamuuliza fomu yake imefika wapi. Halafu akaanza kuwapigia wenzake wa kikundi cha akina mama, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyepokea alimpa kazi moja kabla ya salamu kwisha: "Nenda kabatini sasa hivi, mwanangu, nangoja hapa hapa kwenye simu. Itoe pasipoti yako, unisomee tarehe."